Mabati Nyuma ya Kitanda

Katika chumba chetu cha Mashimoni, Kibera, mabati mapya yalisimama nyuma ya kitanda na mabati yaliyooza yakakaa juu ya vichwa vyetu. Mgeni akiingia alitutazama kama watu waliorukwa na akili. Mvua ikinyesha, maji yalipenya paani yakadondokea yale mabati mapya, nayo yakalia ti, ti, ti, mpaka mazungumzo yakakatika. Baba aliyafunika kwa magunia yasishike kutu. Gunia la kutufunika sisi halikuwepo.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa kurekebisha nyumba za watu, na kila asubuhi alitembea kutoka Kibera hadi Kawangware, ambako wenye ploti wa siku nyingi walikuwa na nyumba za mbao walizoachiwa na wazazi wao. Alibandua mbao zilizoliwa na mchwa, akatia mpya, akaezeka upya, akanyoosha milango iliyokataa kufunga. Jioni alirudi kwetu, akainama asigonge kichwa kwenye mlango ulioning'inia kwa bawaba moja, akaketi kula. Majirani walisema mganga hajigangi, wakacheka. Mama alicheka nao mwanzoni.

Chumba chenyewe kilikuwa kikuukuu tulipokipata. Kuta zake zilikuwa za fito na udongo, na ule wa nyuma ulishaanza kulalia nyumba ya jirani. Mwenye nyumba tulimwona mwisho wa mwezi tu, na ukimwambia juu ya paa aliangalia juu, akasema ameona, akaenda zake. Mpangaji aliyetaka kukaa pakavu alijirekebishia mwenyewe. Wengi walifanya hivyo. Baba alikataa.

"Mama watoto, hii si nyumba, hii ni kambi," alikuwa akimwambia Mama. "Nyumba iko dala."

Dala ni nyumbani kule ziwani, mahali walipozikwa baba zako na utakapozikwa wewe. Watu wetu walikuja Nairobi kutafuta, si kukaa. Mwanamume aliyepigilia msumari mzuri Nairobi kabla hajajenga dala alisemwa kwenye kila mazishi. Baba aliogopa kusemwa kuliko alivyoogopa mvua. Alikuwa hajajenga hata banda kule, na umri ulikuwa unakwenda, kwa hiyo alikusanya mabati kidogo kidogo, akingoja yatoshe.

Siku moja alinichukua nikamsaidie kubeba. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, sina shule ya kuendelea, na mimi ndiye mkubwa. Wadogo zangu wawili walikuwa wavulana. Kule Kawangware kulikuwa na bibi mmoja mwenye ploti, tuliyemwita shosho kama kila mtu alivyomwita. Baba alikuwa amemaliza kuezeka nyumba yake, mabati yakabaki, na shosho akampa yale yaliyobaki. Alitutilia chai kwenye vikombe vya bati, akatazama paa lake jipya kwa furaha.

"Fundi," akamuuliza, "na kwako? Hakuingii maji?"

"Kwangu ni mbali, shosho," Baba akajibu.

Niliangalia chini kwenye kikombe changu. Kwetu hapakuwa mbali. Tungefika kabla ya jua kuzama, hata na mzigo kichwani.

Tukatwika mabati, yeye mbele mimi nyuma, yakipinda na kulia kila tulipopiga hatua. Tulipopita pale maghorofa ya Nyayo Highrise yanapoonekana, upepo ukatusukuma tukakaribia kuanguka, tukacheka wote wawili. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu nilidhani tunakwenda kuezeka. Mama naye alidhani hivyo. Mtu alikuwa amemwambia ametuona njiani, na tulipofika tulikuta ameshatoa vyombo nje, amesukuma kitanda katikati ya chumba na kukifunika kwa nailoni, amefunga leso kiunoni, na amesimama mlangoni na nyundo ya jirani mkononi.

Baba aliingia, akayapitisha mabati kando yake, akayaegemeza ukutani pamoja na yale mengine.

"Ni ya dala," akasema.

Mama hakugombana. Laiti angegombana! Alimrudishia jirani nyundo yake, akaanza kuingiza vyombo kimoja kimoja, na mimi nikamsaidia kurudisha kitanda mahali pake, mbele ya mabati.

Tangu siku hiyo Mama akaanza kuirekebisha nyumba mwenyewe, kwa vile alivyokuwa navyo. Tulichota udongo mwekundu kando ya reli, tukauchanganya na majivu, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukalainika. Alinifundisha kukandika: unautupa udongo kwa nguvu uingie kati ya fito, ndipo unaulainisha kwa kiganja, usiuchezee sana usije ukadondoka. Ukuta wa nyuma tuliutegemeza kwa nguzo aliyoiomba kwa muuza makaa. Ndani tukabandika katoni na magazeti kwa uji wa unga. Chumba kilipendeza, nasema kweli, wanawake wa mstari wetu walikuja kukitazama.

Paa ndilo lililomshinda. Alipanda juu ya meza, akatafuta matundu kwa mwanga wa jua, na kila tundu akaliziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia, akikishindilia kwa kidole gumba. Ni dawa ya Kibera hiyo, kila mtu anaijua. Inashika mvua ya kwanza na ya pili, kisha inayeyuka, povu linakudondokea usoni umelala. Mama alipanda tena, akaziba tena. Baba aliporudi alimkuta juu ya meza, akamshikia meza isiyumbe. Hilo tu ndilo alilofanya, kumshikia meza. Nina uchungu nalo mpaka leo, na sijui kwa nini linaniuma kuliko mengine yote.

Upande wa kitanda aliolala Mama ndio uliovuja zaidi, na alikataa kubadilishana na mtu. Masika ya mwaka uliofuata alianza kukohoa. Alisema ni mafua, kisha akasema ni vumbi la magazeti. Godoro halikukauka mwezi mzima. Alipolazwa hospitalini tulikuwa tumeshazoea kikohozi chake hata tukashindwa kulala kwa kutokisikia, na kabla ya mvua kuisha akafa.

Kwetu mke hatolewi uwanjani kwenda kuzikwa. Hutoka katika nyumba yake, na kama mumewe hajamjengea, basi hujengewa kwanza, ndipo jeneza liingie. Kwa hiyo mabati yalitolewa nyuma ya kitanda. Yalipandishwa juu ya basi, yakafungwa kamba kando ya jeneza, na njia nzima nilikuwa nikiyasikia yakigongana nalo.

Vijana wa ukoo walikuwa wameshasimamisha nguzo tulipofika. Jeneza likangoja chini ya kivuli huku wakipigilia. Nyumba ilipanda haraka, bado udongo mbichi, paa linang'aa likaumiza macho. Wazee wakamsifu Baba kwamba amemtendea mke wake kama mwanamume. Mama akaingizwa, akalala humo mpaka asubuhi, akatolewa. Usiku huo mvua ilinyesha, na halikuingia tone.

Mabati machache yalibaki. Siku ya kurudi, Baba aliyafunga kamba. Baba mdogo, ndugu yake wa kumfuata, akamwambia mbele ya watu, "Mabati ya dala hayarudi Nairobi, omera, ndugu yangu. Watu watakusema."

"Waseme," Baba akajibu.

Jumamosi iliyofuata hakwenda Kawangware. Alipanda paani alfajiri, nami nikasimama ndani kupokea. Aling'oa misumari, akanishushia mabati ya zamani moja baada ya jingine, na kila moja lilipoteremka nililigeuza. Upande wa chini ulikuwa umejaa sabuni, nyingine nyeupe na ngumu kama meno, nyingine bado buluu, na katika kila kipande kulikuwa na alama ya kidole gumba. Niliita, "Baba, njoo uone." Akashuka. Alishika bati moja kwa mikono miwili, akaweka gumba lake ndani ya alama moja, halikuenea. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na kwa hasira, si kwa huzuni peke yake. Kisha akapanda tena kwa sababu mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mtaa wa Raila.

Tuliezeka, tukabana kingo, tukaweka mawe juu. Akatia bawaba mpya mlangoni. Mvua ilipoanza, tulikuwa tumeketi ndani wote wanne tukiangalia juu, na mdogo wangu wa mwisho akarukaruka akipiga makofi.

"Haingii! Maze, haingii hata kidogo!"

Baba aliangalia nje, akaangalia mwanga, kama mtu anayetaka kujua ni saa ngapi. Chai ya asubuhi ilikuwa bado vuguvugu kwenye chupa.

"Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja," akasema.

Nilikwenda nikakaa upande wa kitanda wa Mama, nikashika godoro kwa kiganja. Lilikuwa kavu.