Kiti cha Nyuma cha Mwewe

Kuna watu ambao Jumamosi huenda kuvua samaki, wengine huosha magari mpaka rangi ikaomba msamaha. Bernadine Hruska yeye alikwenda kuchungulia ua. Ua wenyewe ulikuwa wa mbao, mrefu, umezungushwa nyuma ya Bustani ya Burudani ya Hadley, katika mji mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani, ulioegemea Ziwa Erie, na ndani yake kulikuwa kunajengwa kitu ambacho mabwana wa bustani walikataa katakata kukitaja. Mwanamke wa miaka sitini na ushee, mpishi wa shule, magoti yanamlia kila akiinama, na bado alikuwa akiinama kwenye kitundu cha ubao. Usimcheke. Kila mtu ana ugonjwa wake, na wa Bernadine ulikuwa rolakosta, zile treni za wazi zinazopandishwa juu kwa mnyororo kisha zikaachiwa ziporomoke na watu ndani wakipiga mayowe.

Ugonjwa huo aliambukizwa na mumewe, Lyle. Bustani ilikuwa na rolakosta moja kongwe ya mbao iliyoitwa Mwewe, yenye kutikisika na kugonga hadi meno yakalia, na siku za uchumba wao Lyle alimpeleka huko badala ya dansi. Akamketisha kiti cha nyuma kabisa, kwa sababu wapenzi wa rolakosta wanajua kwamba mkia wa treni ndio unaochapwa zaidi. Bernadine alishuka, akasema, turudi tena. Kuanzia hapo, kila mwaka siku ya kufunga msimu mwishoni mwa Oktoba, walipanda treni ya mwisho ya siku, kiti kile kile, Lyle kushoto na yeye kulia.

Lyle alipokufa kwa ugonjwa wa moyo, Bernadine akaja peke yake, na wapenzi wa rolakosta wakamfanyia desturi yao. Mwenzao akifa, kiti chake huachwa kitupu kwenye treni ya mwisho ya msimu, na hakuna wa kukigusa hata foleni iwe imefika getini. Bernadine aliiweka kofia ya Lyle pale kushoto, akaifungia mkanda, akaporomoka nayo huku analia na kucheka. Basi ikawa ndiyo ibada yake. Kaburini alikuwa akienda, akang'oa majani, akarudi nyumbani. Lakini akitaka kukaa na mumewe, alikwenda kwa Mwewe.

Aliyemshika mkono kumpandisha siku ile ya kwanza ya ujane alikuwa Duane Pfeifer, fundi wa mashine za kufulia, rafiki wa Lyle tangu ujanani. Mtu mpole, mwenye mashavu mekundu, na akiongelea rolakosta hata chai humpoa mkononi. Jumamosi zote za kiangazi kile cha ujenzi walisimama pamoja kwenye ua, Bernadine, Duane na Marva Tilden, mama mmoja aliyestaafu kazi ya posta na ambaye ulimi wake haukustaafu. Wakila viazi vya kukaanga vilivyomwagiwa siki, wakabishana.

Ubishi wenyewe ulikuwa na elimu yake. Ndani ya ua kulikuwa na vigingi vyenye tepe za rangi, na misingi ya zege iliyotoa boliti nene juu. Kutokana na vigingi walijua reli itakata kona wapi. Kutokana na unene wa boliti walijua mnara utakuwa mrefu kiasi gani. Duane alidai treni itafyatuliwa kwa sumaku. Bernadine akasema itasimama wima kisha ianguke kichwa mbele. Marva akasema kwa jinsi anavyowafahamu mabwana wa Hadley, watajenga choo kikubwa na kukiwekea taa.

Katikati ya Julai Duane alibadilika kidogo. Bado alikuja, bado alikula viazi, ila ubishi ulimwisha. Wenzake wakikisia, yeye anatabasamu na kutazama viatu vyake. Marva akamwuliza kama amepata mchumba. Duane akacheka, akasema uzee tu, mwenzangu.

Agosti vigingi vilitoka nje ya ua. Bernadine alivikuta asubuhi moja, vina tepe za rangi ya chungwa, vimefuatana mpaka chini ya miguu ya Mwewe. Moyo ukampasuka. Lakini wiki ile ile malori yakaleta mbao, shehena kwa shehena, mbao mpya zinazonukia msonobari, zikapangwa pale pale kando ya Mwewe. Na hapa ndipo elimu ya watu hawa ilipomponza. Mtu mwingine yeyote angeona mbao akasema mbao. Mpenzi wa rolakosta akiona mbao mbichi zimelazwa chini ya rolakosta ya mbao, basi kwake neno ni moja tu, kwamba reli kuukuu itavuliwa majira ya baridi na mpya kuwekwa, na mzee ataishi miaka mingine mingi. Hata hivyo hofu ilimkaba, akamfuata Duane dukani kwake kumwuliza uso kwa uso.

"Duane, niambie kweli. Mwewe atapona?"

Duane alikuwa ameinamia mashine, bisibisi mkononi. Hakuinua kichwa.

"Kwani mbao zile ni za nani, Bernie? Mzee anashonewa nguo mpya."

Bernadine akarudi nyumbani mwepesi. Usiku ule aliimba akiosha vyombo, jambo ambalo jirani yake alilikumbuka baadaye, kwa sababu Bernadine akiimba ni adhabu.

Ikafika Jumapili ya kufunga msimu. Bernadine alikwishavaa koti, kofia ya Lyle iko mezani, Duane akapiga simu. Sauti ilikuwa ya kukwama. Alisema mafua yamemlaza kitandani, hawezi hata kusimama, na kwamba amepata fununu: reli za kitu kipya zinashushwa leo alasiri kwenye stesheni ya zamani ya mizigo, mji wa jirani. Mtu wa kwanza kuona rangi ya reli ndiye mtu wa kwanza kujua jina. Yeye hawezi kwenda. Marva yuko kwa binti yake, mjini Toledo. Nani mwingine anamwamini?

Bernadine alisita. Akamkumbusha kwamba leo ni siku ya treni ya mwisho.

"Si yupo mwakani?" Duane akasema. "Mwewe haendi popote. Reli hizi ni mara moja tu, Bernie. Hata Lyle angekwenda."

Lo, jina hilo. Alijua pa kubonyeza. Bernadine akachukua kofia, akaiweka kwenye kiti cha pembeni ndani ya gari, akaendesha kwenda stesheni. Akakaa mle garini na upepo wa ziwa unapiga vioo, akinywa kahawa ya chupa, macho barabarani. Hakuna lori lililokuja. Giza lilipoanza kuingia aliikung'uta kofia vumbi, akaiambia, "Mwakani, mzee," akageuza gari. Na unadhani alinuna? Hakununa. Alipitia nyumbani, akapasha supu ya kuku yenye tambi aliyopika kwa ajili yake mwenyewe, akampelekea mgonjwa sufuria nzima. Duane alifungua mlango amejifunika blanketi. Aliipokea supu bila kumtazama, akasema asante, bila hata kamasi puani. Bernadine akamwambia alale, asihangaike na sufuria.

Januari, theluji imefika madirishani na barabara ya bustani imefungwa tangu Oktoba, bustani ikatoa tangazo. Bernadine na Marva walilitazama pamoja jikoni kwa Bernadine, kwenye simu iliyoegemezwa bakuli la sukari. Muziki ukalia, mnara wa chuma ukachorwa angani, mrefu, wa rangi ya zambarau. Bernadine alipiga makofi: kweli ilisimama wima na kuanguka kichwa mbele, kama alivyokisia yeye. Kisha mchoro ukageuka, na reli ya zambarau ikaporomoka pale pale alipokuwa amesimama Mwewe. Sauti tamu ya kiume ikasema bustani inamshukuru Mwewe kwa miaka yake yote, na kwamba tayari amekwisha kubomolewa kwa heshima. Zile mbao mpya zilikuwa za vibanda vya foleni.

Halafu, kwa kuaga, wakaonyesha treni ya mwisho ya Mwewe, Jumapili ile ya Oktoba. Treni ilikuwa nusu tupu, maana hakuna aliyeambiwa kwamba ni ya mwisho kabisa. Ikapita mbele ya kamera, kiti kwa kiti, mpaka mkia. Na kwenye kiti cha nyuma kabisa, upande wa kulia, mashavu mekundu, mzima wa afya, alikuwa Duane Pfeifer.

Marva alitoa tusi ambalo posta hawalifundishi. Bernadine alivaa koti akatoka.

Duane alipomwona mlangoni, alijua. Alieleza yote pale pale kizingitini, maneno yakikimbizana. Bustani ilimwita Julai, ikamvika helmeti, ikamwonyesha mfano wa kitu kipya umewekwa mezani. Ilimtaka shabiki mmoja wa kuwapoza wenzake, watu wasije wakajaa na mabango ya kumtetea Mwewe. Akifunga mdomo, atapewa kiti cha mbele siku ya kwanza, na ile treni ya mwisho. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita ndani ya ua, alisema. Ndani, Bernie.

"Na stesheni?"

"Ungekuwepo ungeniona usoni. Ungejua." Akaongeza upesi: "Lakini nilikaa upande wako. Wa Lyle sikuugusa. Niliuacha wazi, naapa."

Alilisema hilo kwa namna ya mtu anayetoa zawadi. Bernadine akamtafuta usoni yule aliyemshika mkono siku ile, hakumpata. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, ila hawakusema kwamba kitakunywa na supu yako.

"Mume wangu aliporomoka mara ya mwisho, na mimi sikuwepo," alisema. "Ulikuwepo wewe. Nirudishie sufuria yangu."

Duane akaileta. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Bernadine akaipokea kwa mikono miwili, akashuka ngazi taratibu kwa sababu ya barafu, na Duane hakuthubutu kumshika mkono.

Kwenye ua hakwenda tena. Jumamosi akawa anapika pierogi, vibunda vya unga vilivyojazwa viazi, za kuuza kanisani, na watu wakamwona amepungua mwili. Kofia ya Lyle aliiacha ndani ya gari, kwenye kiti cha pembeni, na abiria yeyote alikaa nyuma.

Mei bustani ilifunguliwa, na Marva, ambaye alikwenda kwa shingo upande tu ili apate cha kusengenya, alimjia jikoni na habari. Duane alipanda treni ya kwanza ya reli ya zambarau, kiti cha mbele, kama alivyoahidiwa. Watu walimsukuma asogee, foleni ndefu, akakataa. Kiti cha pembeni yake akakifunga mkanda kikiwa kitupu. Alisema ni cha Bernie, akitaka kuja wakati wowote.

Bernadine alikuwa akimenya viazi. Hakusimamisha kisu.

"Amefanya sawasawa," alisema. "Kiti kitupu huachiwa aliyekufa."

Marva akavuta kiti, akachukua kisu cha pili na kuanza kumsaidia kumenya.