Kilimia kwa Dakika Tatu

Ulikuwa mwaka tuliokula michembe mpaka meno yakatuuma. Mahindi yalikaukia kwenye kimo cha goti, mtama ukaliwa na ndege, tukabaki na vile viazi vitamu tulivyokata na kuanika msimu wa nyuma. Asubuhi michembe, jioni michembe, maharage siku ya mgeni. Ukiniuliza ni mwaka gani, nitakujibu ni huo. Na ndio mwaka ambao mjukuu wangu wa kike alikuja kupiga picha Kilimia, akanijazia wachimbaji mpakani.

Mimi nilizaliwa Didia, nikaolewa huku upande wa Geita. Shule niliishia darasa la nne. Nalisema mapema asije mtu akadhani najifanya msomi. Lakini kwa mjukuu wangu huyu nitaringa, atakayenuna anune. Anakaa Ngokolo, Shinyanga mjini, kazi yake kupiga picha za harusi na vipaimara. Giza likiingia anapiga nyota. Hakuna aliyemtuma, wala hakuna anayemlipa.

Alikuja mwezi wa kumi na moja. Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizobanana, kilikuwa kimeshaanza kutoka mashariki jioni. Sisi tukikiona hivyo tunajua ni wakati wa jembe. Mwaka huo kilitoka chenyewe, mvua haikuja nacho. Mbingu ilikuwa nyeupe mchana na nyeusi usiku, hata wingu la kufutia jasho hakuna. Nilikuwa nikitoka nje mara tano, mara sita, naangalia juu, naguna, narudi ndani, nalala, naamka tena.

"Bibi, anga safi hili!" akasema, huku anashusha mabegi.

"Safi kwa nani?" nikamwuliza.

Akaichomeka kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, katikati ya shamba, mbali na taa za nyumba. Alinieleza vizuri mpaka nikaelewa. Dunia inazunguka, kwa hiyo ukiacha jicho la kamera wazi muda mrefu, nyota zinavutika kama kamasi. Iko mashine ya kuifuata mbingu inavyokwenda, lakini bei yake ni ya watu wengine. Basi yeye anafungua jicho sekunde mbili, anafunga. Sekunde mbili, anafunga. Mara mia moja. Halafu kwenye kompyuta anazilaza zote moja juu ya nyingine, na ule moshi unaozizunguka nyota, ambao jicho lako halikuonyeshi, unaanza kutokeza.

"Zote pamoja ni muda gani?"

"Kama dakika tatu hivi."

"Dakika tatu! Umekaa kwenye basi kutwa nzima, mke mwenzangu, kwa dakika tatu? Hata babu yako hakuwa na haraka hiyo."

Alicheka mpaka akagusa stendi, picha ile ikaharibika, akanifukuza nisimame mbali.

Kosa lilianzia hapo. Ili kesho yake asihangaike kutafuta pa kusimamisha, alipigilia vigingi vitatu pale miguu ya stendi ilipokaa, akavifunga utepe mweupe tusije tukavikanyaga. Kisha akainama kwenye kioo cha kamera, akaniambia kwa sauti, maana nilikuwa mbali:

"Ipo, bibi! Inaonekana, ila kidogo kidogo. Tukikusanya nyingi itatoka!"

Njiani palikuwa na mtu. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, anarudi kutoka kumtafuta ndama. Akakohoa, akasalimia, akapita. Nikaona amepita haraka kuliko mtu anayetafuta ndama.

Sasa wewe ambaye si wa huku nikueleze. Kwetu, kitu kilichopo, kinachoonekana kidogo kidogo, na ambacho ukikikusanya kinatoka, ni kimoja tu. Na chombo cha miguu mitatu tumekiona wote: wapimaji wanakisimamisha, kinaongea na setilaiti, halafu wanapigilia vigingi, halafu shamba si lako tena. Mjukuu wangu alifanya yote hayo usiku mmoja, na mimi mwenyewe nimesimama namchekea.

Asubuhi pikipiki ya kwanza ilikuja kabla sijapiga mswaki. Saa nne mpakani pamejaa watu: sururu, ndoo, maturubai. Mama mmoja alishabandika chai. Nikajua hii ni rashi, zile mbio za watu kukimbilia dhahabu. Rashi ikianza, muuza chai ndiye anayefika kabla ya dhahabu.

Akaja bwana mmoja mwenye maduara huko ng'ambo, maana yake mashimo ya kuchimbia, anayo kama kumi. Buti mpya, adabu nyingi. Shemeji yangu yuko nyuma yake kama mkia.

"Shikamoo, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, kama anayemwita mama yake.

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Hapana, mayu. Tumesikia neema imekufikia."

"Neema ya michembe? Karibu, bado ipo."

Watu wakacheka. Mjukuu wangu akaona atalimaliza kisomi. Akaleta kompyuta yake, akawaonyesha picha aliyoikusanya usiku ule. Na mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona. Zile nyota nilizozijua tangu mtoto, zilikuwa na moshi wa buluu umezizunguka, mwembamba, umekaa kama maziwa kwenye maji. Nilitaka kulia kwa fahari. Yule bwana akasogeza uso karibu, akafuata moshi ule kwa kidole.

"Huu mshipa unaelekea wapi?"

"Si mshipa, kaka. Ni vumbi, liko juu," mjukuu akamjibu.

"Juu kule kilimani?"

"Juu mbinguni!"

"Mnamwona?" bwana akawageukia wenzake. "Huyu amefundishwa kuficha."

Basi kila alilosema likawa ushahidi. Akisema nyota, wanakonyezana. Akinyamaza, wanakonyezana zaidi.

Yule bwana akaniambia yuko tayari kukaa na mimi mezani mbele ya serikali ya kijiji, kila kitu kwa maandishi, na kabla sururu haijagusa ardhi nitapata magunia kumi ya mahindi. Hakusema fedha, alisema mahindi. Mtu huyo alijua kuongea. Mate yalinijaa mdomoni, sitawaficha.

"Shemeji," shemeji yangu akasema, "watoto wangu wanajisaidia michembe, wanakula michembe. Kubali."

"Watoto wako wana baba mwenye miguu. Wewe ulikuwa unatafuta ndama au ulikuwa unatafuta maneno?"

"Shamba lenyewe halijatoa hata debe mwaka huu!"

Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli. Lakini niliwahi kuponda mawe machimboni nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa tatu, najua shamba linavyokuwa wakishaondoka. Jirani yangu wa upande wa mto aliwakubalia. Leo mbuzi wake wanafungwa kamba shingoni kama mbwa wasije wakatumbukia, na udongo wa chini umelala juu, mwekundu, hauoti hata magugu. Magunia aliyopewa yaliisha. Mashimo hayajaisha.

Nikamwambia yule bwana hapana, kwa Kisukuma chetu: "Yaya. Shamba hili linalimwa, halichimbwi."

Akaitika kwa adabu, akaenda kunywa chai mpakani. Hakuondoka yeye, hakuondoka mtu. Usiku huo waliwasha moto wao pale pale, na moshi ukaifuta mbingu yote ya mashariki. Mjukuu hakutoa kamera. Mimi nilizunguka mpaka wangu na jembe begani, nakaa, nasimama, nasikia koleo mahali ambapo hapana koleo.

Asubuhi nilikuta magunia mawili ya mahindi yameegemezwa mlangoni, yameshushwa na pikipiki bila hodi. Yule bwana na shemeji yangu wamesimama hatua chache, wanangoja niyaguse. Mjukuu wangu akanivuta ndani. Macho yalikuwa yamevimba.

"Bibi, balaa hili nimekuletea mimi. Chukua hayo mahindi. Wewe unajua na mimi najua, humu hakuna dhahabu. Watachimba kona moja, watakuta udongo, wataondoka. Wewe utakuwa umekula."

Akili ya mjini hiyo, na ilikuwa nzuri. Niliifikiria, nikishika kizingiti kwa mkono mmoja. Halafu nikamwambia kwamba mchimbaji akikosa hapa hasemi hakuna, anasema nimekosea hatua mbili, anachimba pembeni. Na akikosa pembeni, anachimba pembeni tena. Nikamwambia pia: nile mahindi ya mtu kwa dhahabu ninayojua haipo, halafu nije nimsalimie vipi?

"Ila picha yako," nikamwambia, "usiifute."

Nikatoka. Gunia la kwanza nikalisukuma kwa goti mpaka likalala miguuni pa yule bwana, la pili shemeji mwenyewe akaliinua kwa aibu. Nikachukua jembe, nikaenda katikati ya shamba, penye vile vigingi, nikaanza kulima. Ardhi ilikuwa ngumu kama sufuria, jembe linaruka, vumbi linaingia kwenye buti mpya. Mjukuu wangu akaja na jembe la pili, hajui kulishika, akajipanga pembeni yangu. Mpakani watu wakasogea kututazama, hata muuza chai.

"Mayu," yule bwana akaita, na sasa hakuwa na adabu nyingi. "Mvua yenyewe hakuna. Unalima nini?"

Sikunyoosha mgongo.

"Yaya. Shamba hili linalimwa, halichimbwi."