Nimetumwa Kuandika Ukoo wa Muuza Chumvi, Nimekuta Baba Alijua

Admin, jina langu lisionekane, na majina ya watu humu nimeyabadilisha. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na nne, mwalimu wa shule ya msingi huku Kibondo. Niliolewa, ndoa ikanishinda, nikarudi kwa baba. Ana miaka themanini na kitu, macho yamemwishia, na mimi ndiye ninayempikia, kumwogesha na kumsomea. Nimechoka, ndugu zangu. Nasema mapema ili mkiona maneno yangu yamepoa msidhani siumii.

Ukoo wetu unajivunia babu mmoja, nimwite Ntabaye. Kati yake na baba kuna vizazi vitano, kwa hiyo nikikadiria ni mtu wa karne ya kumi na nane. Alikuwa anafuata chumvi Uvinza, anaipandisha huku Buha, nchi yetu Waha, na wapagazi wake, anabadilishana kwa majembe na mbuzi. Tunaambiwa alimzaa Kabura, na Kabura ndiye aliyetuleta sisi. Tunaambiwa pia kwamba iko familia moja Makere ambayo asili yake ni mtoto aliyenunuliwa na Ntabaye wakati wa njaa, kwa mzigo mmoja wa chumvi. Wazee wetu huwaita "watu wa mzigo". Hatuoi kwao wala hatuolewi nao.

Nikiwa na miaka ishirini na mbili nilipendana na kijana wa familia hiyo, nimwite Elia, fundi cherehani pale Kasulu mjini. Alileta washenga, baba akawaacha wamesimama uani mpaka wakaondoka wenyewe. Kwangu alisema neno moja: "Damu ya kununuliwa haiingii kwangu." Nikatii. Nikaolewa na waliyenichagulia, na hiyo ndiyo ndoa niliyowaambia. Elia alioa, wanazeeka pamoja na mke wake, sina neno naye.

Sasa binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu ana miaka mitatu na ananiita mama, amepata mchumba. Kijana ni wa Makere, wa familia ileile. Baba aliposikia hakufoka. Aliniita akasema, "Wewe una kalamu. Zunguka, uliza, andika habari za Ntabaye na biashara yake, kizazi kwa kizazi. Utaisoma kwenye kikao cha ukoo, mtoto asikie kwa nini haiwezekani."

Likizo yangu yote imeishia juu ya bodaboda na kwenye matope. Wazee wa kwetu walinipa majina yaleyale, lakini nilipouliza Ntabaye alipita njia gani, chumvi aliifunga na nini, mama yake alitoka wapi, hakuna aliyejua. Nikaona niende Makere, ingawa niliogopa. Nilipokelewa na bibi yake yule mchumba. Alijua mimi ni wa nani, akanipikia hata hivyo. Tulipomaliza kula akasema, "Ntabaye alikuwa anachechemea. Mama yake alitoka Heru. Chumvi aliifunga kwa majani ya migomba, akaikausha juu ya moto mpaka ikawa ngumu, mvua isiiyeyushe." Akanitajia sehemu alizokuwa analala, moja baada ya nyingine, mpaka mto Malagarasi.

Nikamuuliza amejuaje yote hayo. "Waliniambia waliotoka kiunoni mwake," akajibu. Hakunilaumu.

Nikapitia Kasulu kwa shangazi, dada yake baba. Alikuwa anachambua maharage, na hakuacha. "Aliyenunuliwa ni Kabura," akasema. "Sisi ni wa Kabura, mwanangu. Mtoto wa Ntabaye wa kumzaa alichukuliwa na mama yake alipoachika, wakaenda Makere, akakua analima. Kabura alibaki na mzee, akajifunza njia, akabaki na ng'ombe. Wajukuu wake walipopata nguvu wakayageuza maneno. Nani angebishana na wenye ng'ombe?"

"Na baba anajua?"

"Tuliambiwa na baba yetu siku moja, tumekaa wote wawili."

Nilirudi Kibondo. Asubuhi, nikiwa namnywesha baba uji, nikamuuliza Kabura alizaliwa na nani. Akasema, "Umefika kwa dada yangu."

"Ndiyo, baba. Uliponikatalia Elia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa kwa nini?"

"Wangekuwa wakwe. Wangekaa hapa, wazee wao na wazee wetu wangeanza kutaja vizazi, na ingejulikana. Mimi ningekuwa nani mbele ya watu?" Akageuza uso ukutani. "Soma kama nilivyokuagiza. Nimebakiza siku chache."

Nikamfuta mdomo, nikaenda kuosha bakuli. Nilidhani nitapiga kelele, lakini hasira nayo inataka nguvu. Miaka thelathini na miwili nimeamini kwamba nilinyimwa kwa sababu. Na huyo Kabura simwonei aibu hata kidogo. Mtoto aliyetolewa kwao kwa njaa, akabeba chumvi ya watu kichwani mpaka akawa mtu, ningejivunia kama ningeambiwa.

Kikao ni Jumamosi, na binti yangu anakuja Ijumaa, hajui lolote. Uongo sisomi, hilo nimeshakata shauri. Lakini nikisoma ukweli, nitakuwa nimemvua nguo mzee asiyeona, mbele ya watu waliomheshimu maisha yake yote. Nikisema naumwa nisiende, wazee watamzuia binti kama walivyonizuia mimi. Shangazi anasema nisubiri tumzike kwanza. Na mchumba naye asubiri hadi lini?

Jana baba ameniomba nimpigie pasi koti lake la kikao, na nimelipiga. Niambieni ninyi mnaosoma, nikisimama pale Jumamosi, nifanye nini?