Kopo la Kreatini kwenye Sufuria ya Uji

Nafasi yangu kwenye kamba ni ya mwisho kabisa, nyuma ya wenzangu wote, kamba imenizunguka mgongoni na visigino vimezama udongoni. Sisi ni wanawake wa soko, timu ya kuvuta kamba. Mimi nauza sambaza wakavu, dagaa wa ziwani. Mwaka jana nahodha wetu, muuza ndizi, alinitazama kama mkungu uliolala siku mbili.

"Maman, pale nyuma tutaweka yule mudogo wa viazi. Ao mukokotane kwanza, tuone."

Akatupa, mimi na yule muuza viazi, mwezi mmoja wa kujiandaa. Atakayeshindwa atabeba maji ya wenzake.

Nikavuka daraja la mpakani la Rusizi II hadi Bukavu kutafuta kreatini, unga mweupe ambao vijana wa kunyanyua vyuma wanausifu. Mwenye duka alikuwa mkweli kuliko nilivyopenda. Inasaidia nguvu za ghafla, alisema, za kuvuta na kunyanyua, si za kukimbia mbali. Kijiko kidogo kila siku, maji mengi, na mazoezi. Mwenye figo mbovu asiiguse. Tena uzito unaweza kupanda kidogo, kwa maji yanayoingia kwenye misuli. Hapo ndipo nilipokata shauri: kwenye kamba, uzito ni mali. Nilikadiria vijiko, nikakadiria tena, kopo moja lilitosha mwezi. Bei ilishuka mara mbili, ya pili nikiwa nimeshafika mlangoni.

Nilisahau jambo moja: sokoni kwetu, cha kuliwa kikivuka daraja hakifiki nyumbani bila kuonjwa na wote. Nilikuwa sijatua hata begi, wenzangu wakanizunguka.

"Maman, umetuletea nini?"

"Dawa ya nguvu. Ya muntu mumoja."

"Ya muntu mumoja! Mumusikie! Na kamba unavutaka peke yako?"

Nikafungua begi. Kopo zima likaishia kwenye sufuria ya uji wa mtama. Yule wa viazi alikunywa vikombe vitatu, na kesho yake hakuonekana sokoni. Tumbo lilikuwa limempa kazi nyingine.

Unga wa mwezi mzima uliisha kabla uji haujapoa. Niliwaambia mwenye duka alisema ni kila siku, si mara moja.

"Bana, unalilia kopo yako," wakanijibu.

Basi wakajiona simba. Kila jioni, meza zikishafungwa, walitaka kupima nguvu. Tulifunga kamba kwenye tairi la lori tulilolijaza mawe, tukalikokota kupanda kilima cha nyuma ya soko. Nahodha aliyezoea kutubembeleza tuje mazoezini, sasa alitubembeleza twende tukapikie batoto. Nilivuta pamoja nao. Wakipata nguvu ya bure, kwa nini mimi niikose?

Siku ya kukokotana ikafika. Yule wa viazi alinivuta mpaka vidole vya mguu vikagusa mstari wa katikati. Nikalala nyuma, nikahesabu pumzi zake, nikazihesabu tena, nikangoja zikatike. Zilipokatika nilimleta polepole, kama mbuzi asiyetaka daraja.

"Basi, Maman. Nyuma ni pako," nahodha akasema.

Yule wa viazi alikaa kando yangu akipuliza viganja.

"Maman, ile kopo ungali nayo?"

"Iko tupu."

"Unipatie, nitaweka chumvi."

"Kopo ya Bukavu hiyo," nikamwambia, nikataja bei.

Akataja robo yake, bila hata kupepesa macho. Nilimpenda hapo hapo.