Sahani Iliyoshinda Mezani

Mpishi wa kantini alirudi nyumbani hoi, miguu imevimba, tumbo la miezi saba likimtangulia mlangoni. Mezani alikuta sahani ya wali na nyama, imefunikwa tangu mchana, na joto lile!

"Nimekuwekea, mwanangu. Kula ukalale," alisema mama mkwe.

Mkunga alishamkataza chakula kilichoshinda nje. Mpishi akabandika sufuria ya uji jikoni.

"Kumbe mkono wangu umeukinai?"

"Hapana, mama. Kule kantini kilichoshinda nje namwaga, siwapi hata wale wanaonitukana. Huyu wa tumboni nimpe, kwani amenikosea nini?"

Mama mkwe alinuna. Kisha akamnyang'anya mwiko.

"Kaa chini. Kusimama huwezi, kubishana unaweza."