Samli Kabla ya Daktari

Jirani akichemsha samli nafunga dirisha. Kisha nanawa mikono, nakaa, nasimama, nanawa tena.

Mdogo wangu wa kike alizaliwa na ngozi ya magamba. Ilipokauka ilipasuka magotini na viwikoni, na kila asubuhi tulimbandua shuka kwa maji ya uvuguvugu. Tuliposikia madaktari bingwa watakuwa Mbulu kwa siku moja, tulitoka Gitting na basi la kwanza.

Kwenye bomba la hospitali mama alinikabidhi kichupa.

“Mpake. Tukimwingiza kwa daktari amepauka hivi, watasema hana mama.”

Samli ilikuwa imeganda kwa baridi. Niliiyeyusha viganjani, nikampaka kuanzia shingoni, nikasugua kila gamba lililosimama mpaka likalala. Alicheka, akasema namtekenya. Alikuwa anang'aa.

Foleni ilifika getini. Daktari aligeuza mkono wa mdogo wangu mara moja tu.

“Huu ni ukavu wa kawaida, mama. Anaendelea vizuri.”

Karatasi ya rufaa ilibaki mezani bila kujazwa, akaita mtoto mwingine.

Nilitaka kumwambia angemwona jana, kabla ya samli. Lakini kwetu mtoto hadakii maneno ya wakubwa, basi nikabaki nasugua sakafu kwa kidole cha mguu, mikono inanuka samli.

Kwenye basi mama alimpakata mdogo wangu, uso umemchangamka kuliko nilivyowahi kumwona. Akanishika bega.

“Umempaka vizuri,” akasema.