Sindano Ndani ya Kulabu

Pale kiwandani walimwita Jicho. Alikata vipande vya kulabu za winchi, akavisugua, akavitia dawa, kisha akavitazama kwa hadubini. Mwanamke huyu hakuamini hata kivuli chake. Mumewe akisema mvua inanyesha, yeye alitoka kuhakikisha.

Basi mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa tanuri, ambaye Jicho ndiye aliyemwombea kazi, akaanza kupiga miluzi kazini. Mtu wa tanuri apige miluzi ya nini? Lazima kuna jambo! Kila alasiri, kulabu zikitoka kwenye nyundo zikiwa nyekundu na kulazwa sakafuni kwa safu zipoe polepole, Jicho huyo mlangoni, kausukuma nusu, anachungulia.

Wiki haijaisha, hadubini ikamjibu. Chembe za chuma zilikuwa ndogo, zimebanana. Nyundo haikuwa na kosa. Lakini ndani mlijaa mistari myembamba kama sindano, alama ya chuma cha mchanganyiko kilichopoa haraka. Chuma hicho ni kigumu, ila kikibeba mzigo kinakatika, pu! juu ya vichwa vya watu.

"Anazimwagia maji awahi kwenda zake," akasema. Ndoo hakuiona hata siku moja. Mjanja, anaificha! Akazidi kuchungulia, na sindano zikazidi. Roho ikimuuma, akamwandikia meneja barua, na mdogo wake akasimamishwa kazi.

Meneja akataka zipimwe kulabu zote, moja moja. Jicho akapima siku mbili. Za safu ya ndani zilikuwa nzima. Zenye sindano zilikuwa za safu ya mlangoni tu.

"Huo ni upepo," meneja akasema, baada ya kumwita mdogo mtu, wakiwa wote watatu mbele ya tanuri. "Nani anaacha mlango wazi?"

"Mimi huufunga," mdogo mtu akajibu, macho chini. "Dada ndiye huja kuufungua."

Jicho akamgeukia. "Sasa mbona hukuniambia nifunge, jamani?"

"Ningeanzaje, dada? Nilijua umetumwa na ofisi unichunguze. Ningesema funga, ungesema nina la kuficha."

Na kweli angesema hivyo. Aibu ikamjaa, machozi yakamtoka mbele ya meneja. Akaomba karatasi, akaiandika upya ile barua neno kwa neno, ila palipokuwa na jina la mdogo wake akaweka lake.